Sista na Barua za Waume

Huku kwetu ziwani watu husema usimseme vibaya mtu aliyekuzalisha. Mimi nitamsema. Alinizalisha watoto wawili, mikono yake ilikuwa mizuri, na nimemchukia miaka kumi na mmoja. Anayetaka sifa zake aende kanisani kwake, huko watamwimbia.

Tulimwita Sista, basi. Alizaliwa wapi, baba yake nani, ukoo gani, hayo sina haja nayo. Nilimkuta tayari ni mkuu wa dispensari yetu ndogo hapa Muhuru Bay, vyumba vitatu na tangi la maji, tayari ana mvi mbele na tayari ana ile sauti. Ungeisikia ukiwa bado unageuza omena, dagaa wetu, kwenye nyavu za kuanikia, na dispensari iko kule juu. "Wewe! Umekuja kliniki ama umekuja harusi?" Hiyo ni kwa sababu msichana wa watu amepaka rangi ya mdomo. Hakuna mjamzito aliyekuwa na jina. Wote walikuwa "wewe." Akikupenda sana unakuwa "wewe mama." Lakini mtoto akitoka tu, bado ana damu kichwani, Sista anampokea kwa mikono miwili na kumwambia kwa upole ambao hujawahi kuusikia, "Karibu, mheshimiwa. Tulikuwa tunakungoja." Mimi nimelala pale nikijiuliza, na mimi je? Mimi niliyemleta huyo mheshimiwa, hata pole sipati?

Alivaa viatu vyeupe vya turubai. Kila Jumatatu alivipaka chaki iliyolowekwa kwenye maji, akavianika kwenye dirisha la chumba cha sindano, na ole wake mtoto atakayevigusa. Msimu wa mvua, udongo wetu mweusi unanata mpaka magotini, lakini Sista alikuwa na mawe yake aliyoyapanga kutoka nyumba yake mpaka mlango wa dispensari. Alikuwa anaruka jiwe hadi jiwe na mwili wake ule mkubwa. Sisi tuliokaa kwenye benchi tulikuwa tunaomba Mungu ateleze hata mara moja. Hakuteleza.

Alikuwa na misemo yake. Mwanamke akipiga kelele kwa uchungu: "Ukitaka kulia, lia ukisukuma." Mwanamke akiomba dawa tumbo tupu: "Dawa haiulizi kama umekula, mimi nauliza," halafu anamtuma mtu jikoni kwake amletee uji. Na mwanamke akija kuomba kupanga uzazi, Sista anavua miwani, anatazama benchi zima kana kwamba anataka mashahidi, anasema, "Mwenye shamba ndiye anayepanga msimu. Leta barua." Mara ya kwanza nilipomsikia nilicheka. Benchi zima tulicheka, aki ya Mungu. Shamba lenyewe tulikuwa sisi, na tunacheka.

Nisiseme uongo, mtu huyu alikuwa na mazuri yake, na hayo ndiyo yananiudhi zaidi. Wauguzi walipogoma, yeye alifunga geti kwa kufuli kubwa ili aonekane amegoma, kisha akawa anatuingiza kwa mlango wa jikoni mmoja mmoja, amevaa leso kiunoni kama mpishi. Mwanamke wa jirani alijifungua pacha bila hata kitambaa, Sista akachana shuka lake mwenyewe katikati. Alimfukuza muuguzi mwenzake aliyempiga kofi mama aliyekuwa anajifungua, akamwambia mbele yetu, "Mikono ya hapa ni ya kupokea." Kwa hiyo usinijie na hadithi ya mtu mbaya. Angekuwa mbaya tungemkwepa. Sisi tulimwamini.

Sasa hiyo barua. Mwanamke akitaka sindano ya miezi mitatu au vijiti vya mkononi, lazima alete barua ya mumewe: jina lake, namba ya kitambulisho, sahihi. "Ni sheria," alisema Sista, na akiitaja sheria ananyoosha kidole juu, nasi tunatazama dari. Nani angeuliza? Sista ndiye aliyekuwa na koti jeupe na muhuri. Hospitali nyingine ni mwendo wa nusu siku, na mwanamke wa ndoa hawezi kupotea nusu siku bila kuulizwa. Wake za wachimba dhahabu walikuja kutoka Macalder, waume zao wako chini ya mashimo wiki mbili hawajaonekana, anawaambia vilevile. Mmoja alirudi na karatasi ya kufungia sukari yenye dole gumba la mumewe, tope la shimoni limekauka juu yake. Sista aliigeuza karatasi, akainusa, akasema, "Hata mbuzi angeweka hii." Mama yule akarudi Macalder kwa miguu.

Ndipo nikaanza kuandika. Nina kidato cha nne, na mwandiko wangu tangu shule ulikuwa wa kusifiwa. Nilikuwa nakaa nyuma ya nyavu za omena, mwanamke ananiletea kitambulisho cha mumewe kilichochukuliwa kwenye mfuko wa suruali wakati mwenyewe anaoga, nanakili namba, naandika: "Mimi mume wa mama huyu, nimekubali kwa moyo mmoja apange uzazi." Sahihi naivuruga kidogo ili iwe ya kiume. Niliandika kumi na moja hivyo. Sista akazipokea zote. Alizisoma, akakunja, akatia kwenye faili, akachoma sindano. Nikadhani nimemshinda akili. Nikawa natembea bichi nzima nimeinua shingo.

Kuna siku nilipeleka mtoto chanjo, jua kali, Sista akakunja mkono wa blauzi ili anawe. Nikaona. Chini ya ngozi, upande wa ndani wa mkono, vistari viwili vimelala sambamba. Yeye mwenye watoto wawili tu, ambao kila mara alisema, "Mungu kanijalia wawili, ananijua uwezo wangu." Mungu! Akaniona ninavyoona. Akashusha mkono wa blauzi taratibu, akafunga kifungo, akaniambia, "Wewe mama, mshike mtoto vizuri." Hatukulizungumza tena. Mumewe alikuwa mwalimu huko Homa Bay, alikuja mara mbili kwa mwaka. Sijui kama aliandika barua.

Mlango wa chumba cha sindano ulikuwa na alama ya panga, ndefu, kutoka kwenye bawaba mpaka karibu na kitasa. Kila mwaka Sista alinunua rangi ya kijani na kuipaka mwenyewe, na kila mwaka mbao zikikauka alama inarudi. Wazee walituambia kwamba zamani, kabla ya barua, Sista alikuwa anampa kila anayeomba. Mwanamume mmoja akaja, mkewe amewekewa vijiti bila yeye kujua, akapiga mlango ule panga huku Sista amejifungia ndani na mama aliyekuwa anajifungua. Tangu hapo akasema, "Mimi sivunji nyumba ya mtu." Nimeufikiria sana mlango ule. Aliogopa, sawa. Na sisi tulikuwa tunaogopa nini? Panga hilohilo, na sisi hatukuwa na mlango.

Barua ya kumi na mbili ilikuwa ya mdogo wangu.

Adhiambo alikuwa na watoto wanne, watatu wa mwisho kwa kupasuliwa. Daktari wa hospitali kubwa alimwambia wazi kwamba kovu lake limekuwa jembamba kama karatasi, mimba nyingine itampasua. Walitaka kumfunga kizazi palepale. Shemeji, mumewe, akasema jambo hilo likazungumzwe nyumbani kwanza, na nyumbani halikuzungumzwa. Shemeji si mlevi wala mpigaji, ni mvuvi tu aliyetaka mtoto wa kiume wa pili, na alikuwa anasema madaktari wanapenda kutisha watu. Mtoto alipofika miezi mitano, Adhiambo akapanda dispensari. Sista akamwambia, "Leta barua." Akamwonyesha maneno ya daktari kwenye kitabu cha kliniki. Sista akayasoma mpaka mwisho, akasema, "Nimeona. Leta barua."

Akanijia analia. Nikamwambia, "Mos, mos, nyamera," yaani pole, ndugu yangu. "Dada yako yuko." Nikaandika mbio mbio, maana nyavu zilikuwa zimejaa na mawingu yameanza. Niliandika vizuri sana, labda kuliko zote. Kitu kimoja sikujua. Siku mbili kabla, shemeji alikatwa na uzi wa wavu kiganja cha mkono wa kulia, na Sista mwenyewe ndiye aliyemshona. Adhiambo hakukumbuka kuniambia, mimi sikuuliza. Hatukuwahi kufikiri kwamba Sista angemkumbuka mwanamume kwa mkono wake.

Sista akaiweka barua mezani, akailainisha. "Mkono huu niliushona juzi, nyuzi tano. Hauwezi kushika kijiko. Umeandikaje hivi?" Sista akachukua simu, akampigia shemeji pale pale, mbele ya benchi. Watu wote wakasikia. "Bwana, mkeo yuko hapa na barua yako. Wewe ndiye umeandika?"

Shemeji hakumpiga. Angempiga ningejua la kusema. Alikuja, akamsalimia Sista, akamshukuru, akamchukua mkewe wakashuka. Tangu siku hiyo kitambulisho chake akakifungia kwenye sanduku, na Adhiambo akaambiwa asipande tena dispensari bila yeye. Miezi minne baadaye alikuwa na mimba.

Kovu lilipasuka mchana, mimba ina miezi minane, ameinama anageuza omena karibu nami. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Uwi, kuna kitu kimeachia," akakaa chini. Sista alikuja anakimbia kutoka kule juu, peku, viatu ameviacha dirishani. Aliweka dripu. Aliingia nasi kwenye gari lililobeba samaki, akampakata Adhiambo miguuni kwake njia nzima, akimwita kwa jina. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akiita mtu kwa jina. "Adhiambo, nitazame. Adhiambo." Hatukufika Migori, kwenye hospitali kubwa.

Kwenye mazishi alileta gunia la sukari, akachota maji pamoja na wanawake, akaimba. Akanishika bega, akasema, "Bwana alitoa, Bwana ametwaa." Nikauondoa mkono wake. Ningesema nini, wakati barua niliandika mimi? Miaka ile yote nililala na jambo hilo. Nilijiambia kwamba nimevunja sheria, na mdogo wangu ndiye aliyelipa. Sista yeye alifuata sheria tu. Nilimchukia, na kila nikimchukia najikuta na mimi nimo.

Miaka ikapita. Sista akastaafu, akaenda kwake upande wa Mbita, ng'ambo ya kisiwa cha Takawiri. Mimi nikachaguliwa kuwa mhudumu wa afya wa jamii, nikapewa mkoba na fulana, tukaitwa mafunzo Migori mjini. Mkufunzi, binti mdogo mwenye kucha ndefu, akatuambia kwamba mwanamke mtu mzima anaamua mwenyewe kupanga uzazi, hahitaji ruhusa ya mtu. Nikanyoosha mkono. Nikamwuliza, hiyo sheria ya barua ya mume iliondolewa mwaka gani?

Akanitazama. "Sheria ipi, mama?"

"Ya barua."

"Haijaondolewa. Haikuwahi kuwepo."

Nikatoka nje. Kulikuwa na mfereji wa kunawia, nikaufungua nikaacha maji yamwagike mpaka mlinzi akaja kuufunga. Haikuwahi kuwepo! Kidole kile kilichonyooshwa juu, na sisi tukitazama dari!

Desemba iliyopita simu yangu ililia. "Mama Beryl? Ni mimi, Sista." Sauti ilikuwa nyembamba, maneno yanakokota. Akaniomba niende kwake, ana shida. Karibu nikate simu. Nilikwenda kwa sababu nilitaka kumwona akiwa na shida, na sioni haya kusema hivyo.

Nikamkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki, upande wa kulia wa uso umeshuka. Kiharusi kilikuwa kimempiga mwaka mmoja kabla. Mkono wa kulia ulikuwa umelala kwenye mapaja, umekunjwa. Mkaza mwana wake alinikaribisha, msichana mpole mwenye mtoto mgongoni na wengine wawili mlangoni. Uzazi wa mwisho presha ilimpanda mpaka akapoteza fahamu siku mbili, Sista akanieleza. Mwanawe yuko kwenye mitumbwi upande wa Uganda, simu haishiki. Binti huyo amekwenda dispensari ya hapo karibu kutaka vijiti, amerudishwa.

"Amerudishwa kwa nini?" nikauliza, ingawa nilikuwa nimeshajua.

"Muuguzi wa hapo ni mwanafunzi wangu. Nilimfunza mwenyewe, miaka minane." Akameza mate. "Anataka barua."

Kuku alipita kati yetu.

"Mkono wangu haushiki kalamu," akasema. "Wewe una mwandiko mzuri, Mama Beryl. Niandikie. Maneno ni yale yale yako. Kwa moyo mmoja."

Kwa hiyo alijua. Zote kumi na moja alijua ni mimi! "Ulijua," nikamwambia. "Ukazipokea."

"Nilitaka karatasi tu. Mwanamume akija na panga nimwonyeshe karatasi."

"Na ya Adhiambo?"

"Ile..." Akatazama mkono wake uliokufa. "Mkono nilikuwa nimeushona mimi. Mumewe angesema nilijua. Nisingekuwa na la kujitetea."

Nilimwambia mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa, mbele ya mkaza mwana wake, kwa Kijaluo na kwa Kiswahili. Nilipochoka nikauliza, "Na vile vya mkononi mwako, vilikuwa na barua?"

Akatikisa kichwa kusema la.

"Basi mpigie mwanafunzi wako. Mwambie hakuna sheria kama hiyo."

"Siwezi. Nitaonekana mwongo. Watu wa hapa wananiheshimu, Mama Beryl. Andika tu."

"Siandiki," nikasema. "Nimeandika kumi na mbili. Simama twende. Ukaseme kwa mdomo wako."

Nilidhani atakataa, na kwa kweli nilitaka akatae, nirudi nyumbani na chuki yangu ikiwa nzima. Halafu akamwambia binti, "Nipe viatu vyangu." Binti akaleta vile vyeupe vya turubai, vimepakwa chaki. Akapiga magoti akamvalisha.

Mvua ilikuwa imenyesha. Tulimpakia kwenye pikipiki katikati, mimi nyuma nimemshika, binti akafuata kwa nyingine. Dispensarini benchi lilikuwa limejaa. Yule muuguzi alipomwona alisimama, akampigia goti kidogo, "Karibu, Sista, karibu mwalimu," akataka kumpa kiti chake. Sista hakukaa. Alishika ukingo wa meza kwa mkono wa kushoto.

"Huyu mpe anachotaka," akasema.

"Nitampa, Sista. Barua imepatikana?"

Wanawake wote kwenye benchi walikuwa wanasikiliza. Mmoja alikuwa na karatasi iliyokunjwa mkononi, nikaiona.

"Hakuna sheria ya barua," akasema Sista. Ulimi ulimkwama, akarudia ili isikike. "Hakuna. Niliitunga mimi."

Muuguzi alimtazama, akanitazama mimi, kisha akamfungulia binti mlango. Mwanamke mwenye karatasi aliikunja mara nyingine tena, akaitia kwenye mkoba, akasogea mbele kwenye foleni. Ndiyo ikawa imeisha. Mtoto aliyekuwa ananyonya pale pembeni alikuwa hajabadilishwa hata titi. Nilisimama pale nikifikiria kwamba ilichukua muda mfupi hivi, na kwamba angeweza kusema hivi siku ile, meza kama hii, na simu angeiacha mfukoni, na Adhiambo angekuwa ananisaidia kugeuza omena.

Binti akatoka na bendeji mkononi, anatabasamu kwa aibu. Tukamtoa Sista nje. Kati ya mlango na pikipiki hakukuwa na mawe, kulikuwa na matope tu, akakanyaga kwa viatu vile vyeupe mpaka vikazama. Hakuvitazama. Nilipokuwa namwinua kukaa kwenye pikipiki akanishika kwa mkono mzima, akaniuliza karibu na sikio, "Mama Beryl, umenisamehe?"

Nikamwambia anishike vizuri, asianguke.